Tawi Lililokosekana

Nina hasira ya kudumu na kompyuta yangu, lakini wiki ile kosa lilikuwa langu peke yangu.

Nilikuwa nikisanifu chipu chumbani kwangu mtaani Lizaboni, ya kuwasha feni ghalani mahindi yakipata unyevu. Chipu unaiandika kwa maneno, kompyuta inayageuza kuwa sakiti, yaani njia za umeme ndani ya chipu. Mimi maneno matupu hayaniingii. Nikajitengenezea programu ya kuyachora kama mti uliopinduliwa: mzizi juu, na kila sharti likishuka kwa matawi mawili, la ndiyo na la hapana. Kila nilipogusa mstari nilichora upya, nikakagua tawi kwa tawi. Kiwanda kimoja cha ng'ambo kilikubali kunitengenezea chipu hiyo bure, mara moja tu.

Asubuhi ya siku ya mwisho ya kutuma kazi kiwandani, nikiwa nimetoka kubadilisha sharti la feni, mama aliingia amejifunga kanga kiunoni. Shangazi alikuwa amefariki kijijini Maposeni.

"Mwanangu, gari linaondoka. Wenzako wapike, wewe uko na kompyuta? Watu watatuonaje?"

Kuchora mti kungechukua dakika tano. Lakini nani anaomba dakika tano dada wa baba yake amelala ndani? Nilituma bila kuchora. Siku tatu nilisonga ugali, nikaosha masufuria, nikalia. Sijutii kwenda.

Niliporudi nilichora, basi tu, niione kazi yangu. Sharti la feni lilikuwa na tawi moja. Unyevu ukizidi, washa. Ukipungua, sikusema kitu, na sakiti isiyoambiwa kitu hubaki ilivyokuwa. Feni ikishawaka haizimiki, itamaliza betri, kisha mahindi yaoze kama kawaida. Niliwaandikia wenye kiwanda barua pepe, nikaeleza msiba, nikaomba kama mtoto. Walinipa pole, wakasema kazi imeshaingia kiwandani na haibadilishwi.

Kumbe mama alikuwa ameshawatangazia wanawake wote pale msibani kwamba mwaka huu mahindi yetu hayaozi.

"Kinafika lini hicho kidude chako?" ananiuliza kila Jumapili tukitoka kanisani.

Namjibu kinakuja. Na kweli kinakuja, na kosa langu limo ndani, na bado sijapata ujasiri wa kumwambia ayaanike mahindi juani kama miaka yote.