Majani juu ya Makaa

Miaka yangu yote ya nguvu nilikuwaga nabanika samaki hapa Musoma, kando ya ziwa. Moshi ndio ulionilishia watoto. Sasa kifua kimebana. Nikitoka chooni kufika mlangoni, nahema kama nimepanda mlima. Daktari akasema moshi umeharibu mapafu, na ugonjwa huu hauponi, unatulizwa tu. Akanipa pampu ya kuvuta mdomoni. Tanuri la kubanikia akanikataza.

Wifi yangu wa Butiama akaniletea mvumbasi na majani ya mkaratusi. "Chemsha, ujifunike blanketi, uvute mvuke."

Mimi nikaona maji hayana nguvu. Samaki wa kuchemsha kesho ananuka. Wa moshi anafika Bunda mzima, kwa sababu moshi unaingia mpaka kwenye mfupa. Basi nikayatia majani kwenye makaa, nikafunga mlango, nikajifunika. Nilikohoa nikaona giza. Pampu ilikuwa juu ya kabati, mkono haufiki.

Mjukuu wangu anayesoma Bunda alikuwa amekuja kunisalimia, ndiye aliyenitoa. Akanipa pampu. Pumzi iliporudi, akaanza.

"Bibi, ulitaka kukauka kama sangara? Nani angekununua?"

"Nyamaza, mke mwenzangu. Majani ni dawa au si dawa?"

"Huenda. Ndani yake kuna vitu wataalamu wanavipima, labda vitatuliza mapafu. Lakini wanaanza na panya."

"Panya naye anabanika samaki?"

"Wanamvutisha moshi, halafu wanampa dawa ya majani."

"Anapona?"

"Wengine wanapata nafuu. Halafu wanauawa, wachunguzwe mapafu."

Nikachoka. Moshi mbaya, majani mazuri, moshi wa majani mbaya. Pampu nayo ni ya kuvuta, hiyo nzuri. Nikamuuliza daktari kuhusu majani, naye akasema huenda. Mtu aliyesoma hivyo! Akaongeza kwamba hata mvuke unaweza kunibana, nisijaribu, na pampu nisiiache.

Sijaelewa mpaka leo. Mvumbasi nimeufunga mlangoni, ufukuze mbu. Tanuri nimempa jirani, amelihamishia kwake. Upepo ukigeuka, nahamisha kigoda. Pampu nimeifundika kwenye pindo la kanga, silali bila hiyo. Wifi akiniuliza kama majani yamenisaidia, namwambia awaulize panya. Mimi mapafu yangu bado nayataka yakae ndani.