Sauti Yangu Ilitangulia Koboko

Mimi sina subira, na sijawahi kujidai kuwa nayo. Lakini tangu mashine ianze kusoma matangazo kwa sauti yangu, hata chai siwezi kuinywa nikiwa nimekaa. Nainywa nimesimama mlangoni, tayari kuondoka jirani akiwasha redio.

Kwa miaka mingi nilisoma matangazo ya vifo kwa Kiswahili katika kituo kimoja cha redio hapa Arua, saa mbili asubuhi na saa saba mchana. Watu walikuja wenyewe na karatasi: jina la marehemu, amefia wapi, atazikwa saa ngapi, kisha ndugu wanaoombwa kufika, huyu yuko Manibe, yule kavuka mpaka kwenda Kongo. Niliwauliza palepale mapokezi nani atangulie kutajwa, mke mkubwa au mdogo, maana ukikosea hapo umeanzisha vita matangani. Niliipenda kazi ile. Kuna wanawake hawawapendi waume zao hivyo.

Aliyenilea ni shangazi yangu wa mji wa Koboko, dada mkubwa wa baba. Mumewe alikuwa askari, na Kiswahili cha shangazi kilikuwa cha kambini, cha kuamrisha. Kila siku saa saba aliweka redio juu ya kiti mlangoni, akaongeza sauti mtaa mzima usikie. Anayepita akimsalimia alimkatiza: "Nyamaza kwanza, mutoto yangu iko nasoma."

Mdogo wa kike wa shangazi alipofariki, hakuna aliyenipigia simu. Walituma karatasi redioni, nikaipokea mimi, nikaisoma hewani mpaka mwisho, ndipo nikaenda kulia chooni. Kuanzia hapo ukoo wetu ulizoea hivyo: ukipeleka tangazo redioni, mimi umeshanipa habari. Wala sikuona ubaya. Niliona hata fahari kidogo.

Kisha mwenye kituo akaenda semina Kampala, akarudi na ulimi mpya. Kila sentensi ilikuwa na akili bandia, mapinduzi, ufanisi. Alituambia mashine itatupunguzia mzigo ili tufanye kazi za ubunifu. Nikamuuliza kazi zipi hizo. Akacheka, akasema tusiwe watu wa kuogopa maendeleo. Kwa wiki mbili nilifungiwa studio nikisoma sentensi za mvua, za mahindi, za mpira, za furaha na za msiba. Nilisoma kwa bidii kama mjinga. Nikatia sahihi karatasi inayosema sauti ile iliyorekodiwa ni mali ya kituo, nikapewa soda na shukrani. Mwezi uliofuata nikaambiwa, "Pumzika kidogo, tutakuita." Mpaka leo napumzika.

Nikaanza kuuza mivumba sokoni, nguo za watoto zilizovaliwa Ulaya zikachokwa. Huko ndiko nilikosikia maoni ya kila namna, maana sokoni hakuna asiyejua kitu. Jirani yangu wa meza, mama Mkristo aliyekimbia vita Sudani Kusini, aliipenda mashine waziwazi. Simu yake ilimwandikia barua ya kwenda shuleni kumwombea mtoto aliyefukuzwa. "Mwalimu nasoma barua, nafikiri mimi natoka univasiti," alisema, akacheka mpaka akashika mbavu. Barua ilikuwa nzuri kweli, na mtoto alirudishwa darasani.

Mwendesha boda mmoja wa Ayivu, aliyeniletea marobota, alikuwa na fikra yake. "Hii mashine iko na akili, lakini haina tumbo," aliniambia. "Fanyakazi haina tumbo, tajiri napenda sana." Siku hiyo nilimlipa bila kubishana naye.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba mashine haikusoma vibaya. Ningefurahi ingekuwa inaboronga. Ilisoma sawasawa, haikukohoa, haikuchoka, haikuomba ruhusa ya kumpeleka mtoto hospitali. Ilikuwa mimi, isiyo na shida zangu. Nikiisikia nilihama duka, nikahama barabara. Sasa naijua mitaa yote ya Arua ambayo saa saba hakuna redio inayolia.

Shangazi sikumwambia. Mwanzoni niliona aibu, kisha nikaona hakuna haja, kwa sababu kila siku alinisikia. Mashine ilinidanganyia na mimi nikaiacha. Nilipomtembelea aliuliza, "Kazi iko namna gani?" Nikamjibu, "Iko tu, shangazi." Safari moja alinishika mkono akaniambia jambo alilokuwa ameshaniambia mara nyingi, ila sasa alikuwa amekonda na sikupenda alivyoniangalia. "Siku yangu ikifika, wewe ndio namwaga maji. Sitaki mutu ingine nashika kichwa yangu." Kwetu Waislamu mwanamke huoshwa na wanawake, na anayemmwagia maji upande wa kichwa ni yule wa karibu kabisa. Nikamwahidi. Nikapanga pia kwamba safari ijayo nitamwambia ukweli wa kazi.

Safari ijayo haikuja. Siku yenyewe ilikuwa ya gulio Ajia. Niliondoka asubuhi na robota langu, na saa mbili nilikuwa stendi nikisubiri gari lijae. Muuza chapati akawasha redio. Nikaisikia sauti yangu ikianza, "Tunasikitika kutangaza," nikainuka nikaenda upande wa pili wa stendi, nikasimama kati ya magari yanayounguruma mpaka nilipohakikisha imekwisha. Najikumbuka nikiona nimeishinda.

Ajia biashara ilinichanganya mpaka mchana. Wanawake walikuwa wamevuna maharagwe, kila mmoja alitaka nguo ya mtoto, na simu yangu ilikuwa chini ya lundo. Saa saba nikawa kwa muuza sukari natafuta chenji. Redio yake ilikuwa juu ya rafu. Safari hii nisingeweza kuondoka, alikuwa ameshika noti yangu.

Sauti yangu ikasema amefariki alfajiri mama fulani wa Koboko. Ikataja jina la shangazi, lote, mpaka la babu yetu. Ikasema mazishi ni leo baada ya swala ya adhuhuri. Ikaita ndugu mmoja mmoja, na wa kwanza kuitwa, popote alipo, afike haraka, nilikuwa mimi. Nilijisikia nikijiita. Nilitamka vizuri, kwa huzuni ya kiasi, kama nilivyoisoma ile sentensi ya msiba studio.

Nikaiacha noti. Nikaifukua simu chini ya nguo. Kulikuwa na simu moja tu niliyokosa, ya saa nne, kutoka kwa binamu yangu. Nikampigia naye hakupokea. Wakati huo alikuwa amesimama kwenye swala ya jeneza.

Boda mpaka Arua, gari mpaka Koboko, na njia nzima sikuweza kutulia kwenye kiti hata abiria wa pembeni akaniuliza kama naumwa. Nilifika wakati wa alasiri. Wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini, viatu vina udongo. Binamu yangu akanikumbatia.

"Mbona hamkunipigia?" nikamuuliza. Nilikuwa napiga kelele.

Akanishangaa. "Dada, mimi natuma mesegi redio asubuhi. Saa mbili nasikia wewe nasoma. Saa nne napiga, wewe hapana shika. Sisi nasema iko studio, kule simu nafungwa. Nasema wewe nakuja."

"Si mimi niliyesoma."

"Si wewe ndio natangaza? Mutaa yote nasikia!"

Wanawake walikuwa uani, kwenye mkeka. Mkubwa wao, aliyeongoza kuosha, akanivuta nikae karibu naye, mimi nikabaki wima. Akanisifu. Alisema nina moyo, nimemsoma mama aliyenilea toka mwanzo mpaka mwisho na sauti haikutetemeka. Mwingine akageuza uso. Nilielewa kwamba tangu asubuhi yalikuwa yamesemwa mengine pia: kwamba kazi imenifanya jiwe, kwamba nimemwacha mama aoshwe na watu baki ili nisikose zamu ya saa saba.

Nikawaambia yote. Kwamba mwaka mzima umepita tangu nifukuzwe, kwamba wanayemsikia ni mashine, kwamba mimi nauza mivumba na leo nilikuwa Ajia. Nilisema haraka, maneno yakipandana. Walinisikiliza kwa heshima ya msiba. Nilipomaliza, yule mkubwa akasema polepole, kama anayemtuliza mgonjwa, "Lakini binti yangu, sisi nasikia wewe."

Nilitaka kugombana. Nilitaka kurudi Arua jioni ileile, nimshike mwenye kituo kola. Lakini mtu aliyemficha shangazi ukweli si mwenye kituo.

"Sisi nangoja," akaendelea yule mama. "Naweka birika yako pembeni, ya kichwa. Nangoja mpaka shehe nasema maiti hapana chelewa. Basi mimi namwaga na yangu."

Akanionyesha kwa kidevu. Redio ya shangazi ilikuwa bado kwenye kiti chake mlangoni, mtu ameizima. Chini yake, kando ya ukuta, palikuwa na birika la plastiki la kijani, limejaa maji mpaka shingoni. Nikaenda nikakaa chini kando yake, nikakaa mpaka jua likazama.