Ng'ombe Kabla ya Mtu

Harufu ya ngozi mbichi iliyotiwa chumvi haifichiki. Mwezi uliopita nilikuwa nimesimama barazani kwangu hapa Nyamwaga, kwenye nyumba niliyoijenga kwa jasho langu mwenyewe, yenye bati la rangi na madirisha ya vioo vya kusukuma, lori likapita limebeba ngozi kwenda Tarime mjini. Vumbi lilitua mapema, harufu ikabaki. Mafundi waliokuwa wakinipakia rangi ukutani wakaziba pua. Mimi sikuziba. Nilikuwa nimemkumbuka Mwalimu Shabani.

Habari hii simsimulii kila mtu. Wahusika wengine bado wana ndugu hapa kijijini, na kijiji chetu hakipendi kukumbushwa.

Mwalimu Shabani alikuja nikiwa darasa la sita. Alikuwa mtoto wa fundi cherehani wa Tarime mjini, Mwislamu ambaye babu zake walitokea pwani. Shule haikuwa na nyumba ya mwalimu, kwa hiyo akapangishiwa chumba katika banda la zamani la ngozi, kwenye njia iendayo mtoni. Hilo peke yake lilitosha kumtia mashakani. Kwetu, ukiona ngozi unauliza ng'ombe wake alikuwa wa nani. Sasa mtu asiye na hata ndama, analala ndani ya harufu ya ng'ombe wa watu, huyo ni mtu gani?

Halafu alikuwa na viatu vya ngozi vya kufunga kamba, ambavyo soli zake ziliacha alama za vipande vya pembe nne ardhini. Sisi wengine tulivaa katambuga za tairi la gari, au tulikwenda peku. Na alikuwa akitembea peke yake huku midomo ikicheza na vidole vikihesabu. Alikuwa akipima mizani ya mashairi yake, lakini akina mama waliokuwa wakichota maji mtoni walishakubaliana kwamba anahesabu ng'ombe wetu.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wake bora. Sijisifu bure, waliosoma nami wapo, waulizeni. Ndiyo maana alinichagua mimi kughani shairi lake siku ya wazazi, ambapo kijiji kizima kingekaa kunisikiliza. Nililitaka jambo hilo kuliko gauni jipya.

Alipotufundisha shairi lenyewe, aliandika ubaoni maneno mawili: kuboronga sarufi. Alisema ameyatoa katika kitabu kilichovuka mpaka kutoka Kenya kwa njia ya Sirari. Darasa likaangua kicheko. Nyumbani, kuboronga ndilo neno alilolitumia mama nilipouunguza ugali.

"Kwa hiyo, Mwalimu, leo tunafundishwa kuharibu?" akauliza mmoja wetu.

"Mshairi anavuruga foleni ya maneno ili kina kikae mahali pake," akajibu, naye akicheka. "Maneno yenyewe hayapotei. Yamehama viti tu."

Jioni moja alikuja kwetu kumwomba babu yangu, Mzee Marwa, ruhusa ya mimi kughani. Baba alikuwa akifanya kazi mbali, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la Babu. Mwalimu alimwamkia shikamoo, akapewa kigoda. Nikaambiwa nisimame nighani, nami nikapaza sauti:

Ng'ombe zizini kaleta, jirani mwenye hekima,
Njia ya mbali kapita, akarejea salama.

"Rudia," Babu akasema. Nikarudia. Akamgeukia mgeni. "Hizo ng'ombe ni za nani?"

"Ni za kwenye shairi, mzee."

"Sijauliza zinakaa wapi. Nimeuliza ni za nani."

Mwalimu akatabasamu, akidhani anataniwa. Hakuwa akitaniwa.

"Kwa nini hizi ng'ombe zinafika zizini kabla ya mtu?" Babu akaendelea. "Mtu mwema anasema kwanza yeye ni nani, ndipo anaonyesha ng'ombe. Wewe umezitanguliza ng'ombe, mwenyewe umemficha huko nyuma. Na njia yenyewe eti ya mbali!"

"Ni kuboronga sarufi, mzee. Nimebadilisha mpangilio tu, ili..."

"Mmesikia?" Babu akatugeukia mimi na mama. "Amekiri mwenyewe kwamba anaboronga."

Akasema atalifikiria. Mwalimu akaaga, akatoka uani mawingu yakiwa yameshajikusanya. Babu alimsindikiza kwa macho hadi alipopotelea migombani. Baadaye kidogo manyunyu yakaanguka, yale ya kulainisha vumbi tu, kisha yakakata.

Asubuhi tuliamshwa na mwano, ule ukelele wa kuita wanaume wote. Wanaume wa kijiji kingine walikuwa wamefika, wakifuata nyayo za ng'ombe wao walioibwa. Pengine hamjui mila hii. Nyayo zikiingia kijijini kwako, ni lazima uzitoe: uwaonyeshe wenye mali zilikotokea kwenda mbele. Ukishindwa, kijiji chako ndicho kilichokula, na kijiji kinalipa.

Nyayo hizo zilipita mbele ya banda la ngozi, zikapanda kwenye mwamba mpana, zikafia hapo. Mwamba haushiki kwato. Lakini pale njiani, kwenye udongo, chini ya alama za kwato kulionekana alama za soli ya vipande vya pembe nne.

"Kiatu kiko chini, kwato ziko juu," Babu akatangaza. "Mwenye kiatu alitangulia, ng'ombe zikamfuata. Ndiye aliyekuwa anazivuta."

Niliona mabega ya wanaume wa kwetu yakishuka kwa nafuu. Mgeni asiye na ukoo hapa angeubeba mzigo wa kijiji kizima. Vijana walikuwa wameshaanza kung'oa miti ya paa la banda lake, na mmoja alishika kijinga cha moto.

Mwalimu aliletwa akiwa na fulana na msuli. Alisema, tena kwa sauti ya chini, "Mimi nilipita hapa jana jioni. Nilikuwa natoka kwa Mzee Marwa. Mvua ilikuwa bado. Niliingia ndani, nikalala."

"Mnasikia anavyopindapinda maneno?" Babu akasema.

"Anapinda!" wanaume wakaitikia, wakiitana kijana kwa kikwetu. "Mura, huyu mtu hasemi kitu kimoja kikanyooka!"

Nilimtazama Babu, nikisubiri aseme kwamba ni kweli, alikuwa kwetu. Akainamisha macho kwenye fimbo yake. Basi nikainama kuzitazama zile alama, kwa sababu shairi langu lilikuwa linaondoka na mtu yule. Ndani ya alama za kiatu kulikuwa na vishimo vidogo vya matone, kama ngozi ya mtu aliyepona ndui. Alama za kwato zilikuwa laini, kingo zake safi.

"Babu," nikasema, "kiatu kimenyeshewa. Kwato hazijanyeshewa."

"Nani ameruhusu mtoto wa kike kusema hapa?" mtu akauliza. Mama akanivuta gauni kwa nguvu hadi mshono ukalia.

Lakini kiongozi wa wale wageni, mzee mwenye pengo kubwa la meno ya mbele, alikuwa ameshachuchumaa. Alipitisha kidole kwenye kiatu, kisha kwenye kwato. Akasimama akipangusa magoti.

"Mzee mwenzangu," akamwambia Babu, "mimi natafuta ng'ombe, sitafuti mwalimu. Huyu alipita kabla ya manyunyu, ng'ombe zangu zimepita baada yake. Nikikaa hapa kumchoma, zenyewe zinazidi kutembea."

Wakauzunguka mwamba. Upande wa chini, kwenye matete, walizikuta kwato tena, na pembeni yake alama za katambuga za watu wawili, zikielekea Mto Mara. Nyayo zikawa zimetoka kijijini kwetu. Vijana waliitupa chini miti ya paa, na hakuna aliyerudi kuisimamisha.

Jioni nikamuuliza Babu kama nitaghani. Akajibu, "Nyayo zimemtoa. Maneno yake bado hayajamtoa." Siku ya wazazi ilifanyika bila shairi. Mwalimu alikuwa ameshahamia Morotonga, ng'ambo huko Serengeti, na mimi nikakaa mstari wa nyuma nikisikiliza wenzangu wakiimba kwaya.

Niliondoka, nikasoma, nikapata stashahada ya ualimu wa Kiswahili, wa kwanza katika ukoo wetu, wanaume wakiwemo. Chuoni nikakutana tena na lile neno. Mkufunzi alituambia kwamba washairi wa zamani walihamisha maneno bila kuliita jambo hilo chochote. Kwao lilikuwa utungaji tu. Majina yalikuja na uhakiki wa darasani, wenye mazoea ya kutaka kiima kitangulie, kitenzi kifuate. Wengine wakasema mshairi anaboronga sarufi, yaani anaiharibu. Wengine wakasema anaifinyanga, kama mfinyanzi na udongo wake. Kitendo ni kile kile. La kwanza ni jina la mtu aliyesimama upande wa sheria, la pili ni la mtu aliyesimama karibu na mshairi. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani, na nilijibu vizuri sana.

Tangu hapo nikawa nawaeleza watu, kwa ujuzi wangu wote, kwamba Mwalimu Shabani aliponea chupuchupu kuchomwa kwa sababu ya mpangilio wa maneno. Kijiji kilimshuku kwa kuwa aliboronga, basi.

Nilikuwa mtu mzima, nafundisha watoto wa wengine, siku nilipokuwa natafuta mfano wa kuandika ubaoni, yakanijia maneno yake ya asubuhi ile ya nyayo. Nikayaandika. Mimi nilipita hapa jana jioni. Kiima, kitenzi, mahali, wakati. Nikayatazama huku chaki ikiwa mkononi. Hakuna neno hata moja lililoruka foleni. Asubuhi ile alikuwa amewapangia maneno kama walivyotaka yapangwe, mtu mbele, kila kitu nyuma yake, na wanaume wote wakasikia yamepinda.

Na babu yangu, aliyemwona kwa macho yake akitoka uani kwetu kabla ya tone la kwanza, alikuwa akiitazama fimbo yake.