Picha ya Nyota za Makambako

Miaka ile ya Mwingereza, Laurenti ndiye aliyekuwa mpiga picha wa pekee pale Makambako. Mchana watu walimjia na mashati ya kuazima, wakakodoa macho mbele ya kamera yake ya miguu mitatu, wakaondoka wameridhika. Balaa lilianza alipozitamani nyota.

Nyuma ya kijiji palikuwa na nyika kame yenye majabali marefu, na wakati wa kiangazi mbingu ya pale ilijaa nyota hadi mtu akaona uvivu kwenda kulala. Basi Laurenti akawa anabeba kamera yake usiku na kupanda huko.

Hebu fikiria mwenyewe: usiku, upepo unakata masikio, mtu mzima yuko peke yake majabalini, kajifunika kitambaa cheusi kichwani. Wapiga picha wote hujifunika hivyo wapate kuona vizuri ndani ya kamera, lakini nani angepanda kwenda kumuuliza? Siku ya tatu kijiji kizima kilikuwa kimekwisha kumpa jina: mchawi.

Jumbe Sila akamwita.

"Laurenti mwanangu, mimi sisemi kitu. Watu ndio wanasema. Kesho kutwa lete barazani hiyo picha ya nyota unayosema unaipiga, tuione. Usipoileta, funga mizigo uhame."

Laurenti alikuwa amebakiwa na kioo kimoja tu cha kupigia picha. Vingine vilikwisha kuharibiwa na umande. Usiku huo akaifungua kamera, akaketi kando yake. Ilitakiwa ikae wazi kwa muda wa saa tatu, na pasipite mwanga wowote mbele yake.

Saa ya pili mwanga ukapita. Alikuwa Mama Idda, mjane wa pale chini. Moto wake ulikuwa umezimika, naye akaenda kuomba kwa jirani kama watu wote walivyofanya. Sasa alirudi na kijinga cha moto mkononi, akikipunga kisizime. Laurenti akauma kile kitambaa chake cheusi. Sauti ya mwanamume kutoka majabalini saa zile ingemmaliza mjane kwa hofu. Akanyamaza, akiona picha yake ikiharibika hatua kwa hatua.

Siku ya baraza aliitoa picha. Juu ya majabali nyota zote zilikuwa zimechora mistari iliyopinda, kwa jinsi zilivyosogea saa zile tatu.

"Nyota gani hizi?" mmoja akafoka. "Hii ni mikwaruzo!"

Wengine wakaguna. Laurenti akaanza kuhesabu moyoni vyombo atakavyobeba.

Mama Idda akajipenyeza, akaikaribia picha hadi pua ikaigusa. Chini kabisa palikuwa na mstari mweupe uliotoka nyumba hadi nyumba.

"Jamani, huu moto wangu!" akasema. "Nimetoka nao hapa kwa Zipora. Hapa ulipopanda juu, nilijikwaa karibu nianguke. Na kwangu ndipo hapa, unapoishia."

Zipora akathibitisha. Jumbe akaitazama upya ile mistari ya juu, akasadiki: kama moto uliotembea ulichora mstari, basi na nyota ni vivyo hivyo.

"Mimi nami nilitembea usiku," Mama Idda akawageukia watu. "Haya, niiteni na mimi mchawi!"

Jumbe akacheka hadi akajifuta machozi. Laurenti naye alikuwa akijifuta, ila yeye hakuwa akicheka. Jioni hiyo alikwenda kwa Mama Idda na mzigo wa kuni kavu, mkubwa wa kutosha kutunza moto hadi asubuhi.