Mfuniko wa Siku Ishirini na Nane

Saa moja kasoro robo asubuhi, Winifrida Mlay anaingia ua wa nyuma wa duka la vitambaa la Mzee Chandu, Kariakoo. Nyuma yake wachukuzi wawili wanasukuma mkokoteni. Juu yake umelala mfuniko wa zege, umefunikwa gunia bichi kama mgonjwa.

"Shikamoo, Mzee Chandu."

"Marahaba, mama. Siku zimetimia?"

"Leo ya ishirini na nane."

Katikati ya ua kuna chemba ya maji machafu, kina chake kinazidi kimo cha mtu. Mfuniko wake wa zamani umepasuka, na asubuhi hii umeondolewa. Darshana, mke wa mtoto wa Chandu, hupita hapo kila siku na beseni la nguo, mwanawe kiunoni.

Mfuniko mpya una jambo ambalo mzee huyu bado hajaliamini. Katika kila sehemu tano za saruji iliyohitajika, moja si saruji. Ni unga wa chupa.

Winifrida, mwenye miaka arobaini na minne, ni mzaliwa wa Rombo. Mtaani kwake Gerezani, jirani na Kariakoo, wanamwita Mama Severa, kwa jina la binti yake. Kwa miaka tisa alichanganya zege katika kampuni ya umma ya ujenzi, hadi alipopunguzwa kazini mwaka 1993, akaanza kutengeneza mifuniko ya kuuza.

"Nilitoka na koleo moja na mazoea ya kupima," anasema. "Wengine walitoka hivi hivi."

Mwaka uliofuata kaka yake, Pius, alikanyaga mfuniko wa chemba katika nyumba aliyopanga Ilala. Ulivunjika, akatumbukia. Alifariki siku ya tatu. Vipande vya mfuniko huo, Winifrida alivifikicha kwa vidole vikawa mchanga.

"Fundi alipunja saruji," anasema taratibu. "Sikumlaani. Saruji ilikuwa imepanda, mwenye nyumba naye amembana bei. Mimi mwenyewe nilikuwa nalala nikiwaza nipunguze wapi. Lakini Pius hakurudi."

Tangu hapo alitafuta namna ya kupunguza gharama bila kumpunja atakayekanyaga.

Namna hiyo ilikuwa imetapakaa mitaani. Zamani hukupata soda bila kurudisha chupa tupu. Biashara ilipofunguliwa, zikaja chupa za kila nchi, na nyingi hazina anayezidai. Zilijaa mitaroni hadi maji ya mvua yakakosa njia.

Jirani yake, Ignasi, aliyestaafu katika maabara ya kupima zege, ndiye aliyemfungua macho. "Chupa ni mchanga uliopikwa," alimwambia. "Ukibaki vipande, utakuja kuipasua zege baada ya miaka. Ukiusaga ukawa laini kama poda, saruji inaupokea."

Winifrida alinunua pipa la chuma na golori za chuma za beringi chakavu kwa wauza vipuri wa Gerezani. Chupa huvunjwa, huingizwa humo, pipa huzungushwa kwa mkono kutwa nzima hadi golori zizisage. Unga huchekechwa kwa kitambaa cha pazia. Anayechekecha hufunga pua na mdomo kwa kitambaa kibichi.

"Mama Severa, leo ni kachumbari ya chupa?" humtania Steven, muuza vipuri wa jirani.

"Leta sahani, nikupakulie," hujibu yeye, bila kuacha kuzungusha.

Sasa kazi ya mifuko mitano ya saruji huifanya kwa minne. Mfuko mmoja unakaribia shilingi elfu tano, na kazi yake ya wiki ilikuwa ikila kama mitano. Ule unaobaki ndio ada ya shule ya Severa.

Lakini mwezi wa kwanza mwaka huu, 1996, alimwaga mifuniko kumi na miwili, ukiwamo wa Chandu. Siku ya nne yote ilikuwa bado laini kama ugali uliokosa moto. Chandu alifika, akabonyeza kwa kidole, kidole kikazama.

"Mama, chupa weka kabatini," alisema. "Huku kwangu anapita mtoto."



Ignasi ndiye aliyeona sisimizi. Walikuwa wamejipanga msururu mrefu kuelekea kwenye gunia la chupa zilizovunjwa. "Hao hawali kioo," alisema. Zilikuwa chupa za soda na sharubati, na Winifrida hakuziosha. Sukari iliyogandia humo ilikuwa imeizuia saruji kukauka.

Aliivunja yote kumi na miwili kwa mkono wake. Sasa kila chupa huoshwa kwa maji matatu, kisha huvunjwa na vigae vyake huachwa usiku kucha nje. Sisimizi wakija, vinarudi kwenye beseni.

Chandu alikubali kumjaribu tena, kwa sharti moja: mfuniko unyweshewe maji na uachwe siku ishirini na nane, kisha aliyeutengeneza ausimamie mwenyewe kwa miguu yake, hapo hapo juu ya chemba.

Wachukuzi wanauteremsha. Unakaa mahali pake kwa mlio mzito. Wanapanga juu yake mifuko miwili ya mchanga, kila mmoja kilo hamsini. Winifrida anavua viatu, anapiga ishara ya msalaba, anapanda.

Anahamisha uzito mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Mzee Chandu anainama, anapitisha kidole ukingoni kutafuta ufa. Anazunguka mara mbili. Winifrida anashuka, mifuko inaondolewa, na mzee anamgeukia Darshana.

"Lete beseni lako," anasema. "Pita."

Darshana anamkabidhi mkwewe mtoto, anapita mwenyewe kwanza. Anarudi, anamchukua mtoto, anapita tena.

Mifuniko mingine mitatu ya mchanganyiko huo, iliyomwagwa siku chache baadaye, imebaki Gerezani, chini ya magunia mabichi. Mmoja hauuzwi. Katika ile nyumba ya Ilala, chemba aliyoangukia Pius imefunikwa mlango mkuukuu hadi leo. Mwenye nyumba alisema atapokea mfuniko huo akisikia ule wa Chandu umeshasimamiwa.

"Utatimiza siku zake Jumamosi ijayo," anasema Winifrida, akifunga viatu. "Nitaupeleka. Nao nitausimamia."