Damu Isiyoganda

Mke wangu alikuwa dobi wa hospitali miaka ishirini na sita. Wauguzi walimwita Mama Povu, naye akaitika. Shule hakwenda, kama mimi. Lakini damu aliijua: ya uzazi, ya ajali, ya vidonda. Ikikaa kwenye shuka, alisema, inaganda, inakuwa ngumu kama ngozi kavu, mpaka uiloweke ndiyo uisugue.

Siku moja zikaletwa shuka za mchinja ng'ombe aliyelazwa kwa homa. Zilikaa kwenye ndoo tangu jana yake, na damu bado majimaji. Akaacha sabuni, akapanda wodini.

"Daktari, yule si malaria. Damu yake haigandi."

"Kipimo kimesema malaria, Mama Povu. Au siku hizi povu nalo linatoa majibu?"

Wauguzi wakacheka.

"Basi mtenge tu, mwanangu. Na hawa wavae glovu."

"Nenda kafue, mama."

Akaenda kufua. Glovu zake mwenyewe zilitoboka kidole gumba. Mchinjaji akafa kesho yake.

Siku ya nane mke wangu akaamka anachemka, macho mekundu. Nikampeleka kwa daktari yule yule. Akamtoboa kidole, akasema malaria, akamlaza wodini, akamchoma sindano. Pale pa sindano pakavuja mpaka jioni. Mke wangu akaitazama pamba iliyofunika pale: damu bado majimaji.

"Mzee, umeona? Usinishike tena."

Nikamshika. Akanipiga mkono, mara ya kwanza tangu nimuoe.

"Kaa mlangoni huko. Niitie yule mtoto, daktari."

Daktari alipokuja akamnyooshea pamba. "Haya, mwanangu. Na hii?"

Hakucheka mtu. Wakamchukua damu, ikapelekwa mbali kupimwa. Siku tano, wakasema. Yeye alikufa siku ya tatu. Mimi nilikuwa nje, natazama kwenye kioo.

Majibu yalinikuta kwenye hema, nimefungiwa kwa siku ishirini na moja nisije nikaambukiza watu. Daktari alisimama mbali, kavaa mpira mwili mzima. Akasema ni ile homa ya virusi ya kutokwa damu. Akasema wauguzi wawili nao wamelazwa. Kisha akasema, "Mama alisema kweli tangu mwanzo, mzee."

"Ulimwambia?"

"Nani?"

"Yeye. Alipokuwa hai."

 Akasema alikuwa anasubiri majibu.