Barua Pepe ya Jumapili

Ting. Barua pepe iliingia Jumatatu jioni, tumebaki ofisini hapa Juba mimi, mwanangu mgongoni, na dereva. Mnisamehe nikiharakisha. Nilikuwa kwenye majaribio ya kazi, na Kiingereza changu cha sekondari hakijui barua za ofisi, kwa hiyo nilikuwa nikinakili za dada aliyekalia kiti hiki kabla yangu, akafariki. Asubuhi ile nilinakili mpaka jina lake mwishoni mwa barua, nikatuma Nairobi. Nikajua nimefukuzwa.

Bosi mpya kule, asiyejua habari za msiba, alimjibu marehemu: “Asante kwa barua zako mbili. Kama ulivyoomba jana, huyo mama mwenye mtoto mchanga tumemwajiri.”

Jana ilikuwa Jumapili. Ofisi ilifungwa, jenereta haikuwashwa.

Dereva alisoma, akavua kofia. “Dada, kazi si umepata? Sema asante tufunge mlango.”

“Nimwambie nani?”

Akakitazama kiti nilichokalia.

Watu husema Juba hupati kazi bila mtu wako ndani. Nilidhani mimi sina. Nimewaambia nyinyi wasomaji tu. Mtu mwingine simwambii.